Damu Inapopungua Pemba: Kwa Nini Kidonge cha Chuma Peke Yake Hakitoshi

Mwanafunzi anayeanza mwaka wa kwanza wa masomo ya afya hukabidhiwa mwili wa binadamu vipande vipande. Asubuhi muundo wa mwili, mchana kemia ya seli, kesho vimelea, keshokutwa lishe. Kila somo lina mwalimu wake na mtihani wake, na mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuyafaulu yote bila kugundua kuwa yote yanamzungumzia mtu mmoja. Ningeachiwa nichague jambo moja la kuyaunganisha, ningechagua upungufu wa damu, na mifano ningeichukua Pemba. Kisiwa hiki kimeifunza dunia mengi kuhusu damu na madini ya chuma, na inasikitisha kuona vijana wetu wanayasoma kwenye vitabu vya nje bila kujua kuwa yalitoka Wawi, nje kidogo ya Chake Chake.

Tuanzie kituo cha afya, siku ya kliniki ya wajawazito. Mkunga anachoma ncha ya kidole, anaweka tone kwenye kipimo, anasoma.

"Damu yako tisa, bibie."

"Tisa? Mbona nakula, na vile vidonge vya damu namaliza?"

Swali lake ni la haki. Mara nyingi hujibiwa aongeze mchicha na asiache vidonge, kisha anaitwa mwenzake. Jibu lenyewe ni refu zaidi: linapita kwenye uboho wa mifupa, ini, utumbo, udongo wa shambani, mpaka urithi alioachiwa na mababu.

Tisa hiyo ni gramu za hemoglobini katika desilita moja ya damu. Hemoglobini ni protini nyekundu inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda kwenye kila seli. Shirika la Afya Duniani husema mwanaume ana upungufu akiwa chini ya 13, mwanamke asiye na mimba chini ya 12. Kwa mjamzito kiwango ni 11, na mwongozo wa 2024 umekishusha hadi 10.5 kwa miezi mitatu ya katikati. Kushushwa huko kuna sababu. Mama anapobeba mimba, maji ya damu yake huongezeka kwa karibu nusu, ilhali chembe nyekundu huongezeka kwa kiasi kidogo zaidi. Damu inazimuliwa. Kipimo kinashuka hata kwa mama mzima wa afya, na kushuka huko kunasaidia damu kupita kwa wepesi kwenye kondo la nyuma. Kwa hiyo 10.7 ya mwezi wa tano si sawa na 10.7 ya msichana wa skuli, japokuwa mashine imeandika tarakimu ileile.

Lakini tisa ni chini kote kote. Ukiacha huko kuzimuliwa, ziko njia tatu tu za damu kupungua: haitengenezwi ya kutosha, inavuja, au inavunjwa kabla ya wakati wake. Mwanafunzi akiyashika haya matatu, mengine yote yatapata pa kukaa. Pemba yote matatu yanaweza kumkuta mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na ndiyo maana kisiwa hiki ni darasa zuri.

Kutengenezwa kwanza. Chembe nyekundu inapokomaa hutupa kiini chake, ikabaki mfuko uliojaa hemoglobini. Bila kiini haiwezi kujikarabati, hivyo huishi siku 120 hivi. Uboho hulazimika kutoa chembe mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana, kufidia zinazokufa. Kila molekuli ya hemoglobini ina atomi 4 za chuma, na hapo ndipo oksijeni inaposhika. Chuma kikikosekana, uboho hutoa chembe chache, ndogo, zilizopauka.

Sasa angalia hesabu ya chuma yenyewe. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwili mzima, na karibu theluthi mbili ziko ndani ya hemoglobini. Uboho unahitaji miligramu 20 hadi 25 kila siku, lakini karibu zote zinatoka kwenye chembe kuukuu ambazo zimevunjwa na seli walaji za wengu na ini, chuma chake kikarudishwa kazini. Kutoka kwenye chakula mwili hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, kiasi cha kufidia kinachopotea kwenye ngozi inayobanduka, utumbo na hedhi. Tena mwili hauna njia yoyote ya kukitoa nje chuma kilichozidi. Figo hutoa chumvi iliyozidi, hutoa maji, hutoa urea, lakini chuma kikishaingia kimeingia. Udhibiti wote umewekwa pale kinapopokelewa, kwenye utumbo mwembamba. Msomaji aishike hoja hii, tutaihitaji mbele.

Kuhusu chakula nitapita haraka, maana hapa ndipo mazungumzo mengi huanzia na kuishia. Chuma cha samaki, nyama na maini hufyonzwa kwa urahisi kuliko cha mchicha, kisamvu na maharage. Ndimu au embe pamoja na mboga husaidia, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia, kwa hiyo ni bora isubiri baada ya mlo kushuka. Juisi ya rozela na bitiruti hazina wekundu wa chuma. Rangi zake ni za mimea yenyewe na hazigeuki kuwa damu. Anayependa rozela anywe, ila asiache vidonge kwa ajili yake.

Njia ya pili, kuvuja, ndiyo inayodharauliwa zaidi kwa sababu haionekani.

Pemba ni kisiwa cha mvua na mashamba, chenye udongo laini unaokaa na unyevu chini ya mikarafuu na migomba. Minyoo ya safura hupenda udongo wa namna hiyo. Kinyesi kikiachwa shambani, mayai huanguliwa, na viluwiluwi vyake husubiri mguu. Hupenya ngozi ya unyayo, mara nyingi kati ya vidole, mtu akasikia mwasho wa siku mbili tatu akadhani ni upele. Kutoka hapo husafiri kwenye mishipa hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa na mwenyewe bila kujua, na hufika utumbo mwembamba, ambako hujing'ata kwenye ukuta na kunyonya. Si maumivu makali, wala mtoto haanguki. Anachoka tu, anasinzia darasani, anaambiwa mvivu.

Wako wa aina mbili, na wote wawili wamekutwa Pemba. Wa kwanza, Necator americanus, kila mnyoo humpotezea mtu takribani mililita 0.03 za damu kwa siku. Wa pili, Ancylostoma duodenale, humpotezea mara kadhaa zaidi ya hapo. Fanya hesabu: minyoo 100 ya aina ile ya kwanza ni mililita 3 kwa siku. Mililita moja ya damu nzuri ina karibu nusu miligramu ya chuma, kwa hiyo mtoto huyo anavuja kama miligramu 1.5 kila siku. Sehemu yake hufyonzwa tena utumboni, chini kidogo ya hapo, lakini kinachobaki kinatosha kula karibu kila alichokipata kwenye ugali na dagaa wake. Mtoto anaweza kuwa anakula vizuri kweli, kama mama yule wa kliniki anavyosema, na bado ghala lake likawa tupu.

Haya hayakubaki kuwa hesabu za ubaoni. Katika miaka ya 1990 watafiti, wakiwemo Rebecca Stoltzfus na Marco Albonico pamoja na wenzao wa Wizara ya Afya ya Zanzibar, walipima damu na choo cha wanafunzi wa skuli za Pemba. Walipima hata kiasi cha damu kinachopotea chooni, kazi ambayo wengi wangeikimbia. Walionesha kuwa kadiri mtoto anavyokuwa na safura nyingi ndivyo damu inavyopotea utumboni na akiba ya chuma inavyokauka, na kwamba pale ambapo Ancylostoma ilikuwa nyingi zaidi hali ilikuwa mbaya zaidi. Dawa za minyoo zinazogawiwa skuli zinapaswa kueleweka kwa macho hayo: ni dawa za damu pia. Kichocho nacho kimo humuhumu. Mayai ya kimelea chake yana mwiba, huchana ukuta wa kibofu yanapotoka, na mtoto hukojoa damu. Zamani baadhi ya watoto waliona ni jambo la kawaida la kukua.

Na udongo unaoliwa je? Mjamzito anayetafuna udongo au mchele mbichi hapa kwetu huambiwa mimba yake ndiyo inayotaka, na hakuna anayemsumbua. Mtafiti Sera Young alilichunguza jambo hili Pemba, na akakuta kuwa wanawake wenye tabia hiyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupungukiwa damu. Ni rahisi kurukia jibu kwamba udongo umewaletea minyoo. Lakini utafiti mwingine alioufanya na wenzake Zanzibar, uliochapishwa 2007, haukuona uhusiano kati ya kula udongo na kuwa na safura. Ukikumbuka kuwa safura hupita zaidi kwenye unyayo kuliko mdomoni, hutashangaa. Kinachobaki kubishaniwa ni kipi kilitangulia: kukosa chuma huleta hamu ya udongo, au udongo, ambao unaweza kunasa chuma tumboni kisifyonzwe, ndio unaoleta upungufu. Kwa mkunga, mama anayetafuna udongo ni mama wa kupimwa damu siku hiyohiyo, bila kukaripiwa.

Njia ya tatu ni kuvunjwa, na hapa malaria ndiyo bingwa. Kimelea cha Plasmodium falciparum huingia ndani ya chembe nyekundu, hula hemoglobini, huzaana, na baada ya saa 48 hivi huipasua chembe na kutoka kutafuta nyingine. Hayo wengi wanayajua. Wasiyoyajua ni kwamba mwili huvunja pia chembe nyingi ambazo hazina kimelea chochote, na uboho nao huzubaa usitengeneze mpya. Ndiyo maana mtoto anaweza kupona homa na damu ikaendelea kushuka kwa siku kadhaa.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Mtoto wa Pemba wa miaka ya 2000 mwanzoni alikuwa na chuma kidogo na malaria nyingi. Akili ya kawaida inasema mpe chuma. Ushauri wa dunia nzima ulisema hivyohivyo. Mwaka 2002 ulianza utafiti mkubwa, kituo chake kikiwa Maabara ya Afya ya Jamii ya Wawi, iliyofunguliwa 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea wa Kiitaliano, Ivo de Carneri. Sunil Sazawal, Robert Black na wenzao, wakiwemo watafiti wa hapa visiwani, waliwafuatilia watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi 35. Kwa bahati nasibu, baadhi walipewa kila siku chuma na asidi ya foliki (vitamini inayosaidia kutengeneza damu), wengine vitu hivyo pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na dawa ndani yake.

Tarehe 19 Agosti 2003, kamati ya usalama ilishauri vidonge vya chuma visimamishwe kabla ya muda. Watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa kwa ugonjwa mkali au kufa kuliko waliopewa kidonge kitupu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, yakatikisa sera za nchi nyingi. Utafiti ndugu uliofanyika kusini mwa Nepal, mahali pasipo na malaria, haukuona madhara ya namna hiyo.

Kwa nini kitu kinachokosekana kiwe sumu kikiletwa? Jibu kubwa lilikuja na homoni ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inagunduliwa, mwaka 2000 na 2001: hepsidini, inayotengenezwa na ini. Chuma hutoka kwenye seli za utumbo kuingia kwenye damu kwa kupitia protini moja tu, feropotini. Hepsidini huishika feropotini na kuifanya ivunjwe. Mtu akiwa na chuma cha kutosha, hepsidini hupanda na chuma hakiingii. Akiwa na upungufu, hushuka. Lakini hupanda pia mtu anapougua, kwa sababu vimelea na bakteria wanahitaji chuma kama sisi. Ini hufanya kama mwenye duka anayefunga milango ya ghala akisikia wezi wameingia mtaani: bidhaa zimo, lakini hazitoki hata kwa wateja wa haki. Chuma hufungiwa ndani ya seli walaji, uboho ukakosa, damu ikapungua, na yote hayo ni mwili unajilinda.

Mpe chuma mtoto aliye katika hali hiyo. Kingi hakifyonzwi. Hubaki utumboni, ambako hulisha bakteria wabaya. Tafiti za Kenya za chuma kinachochanganywa na uji wa watoto zimeonesha bakteria wa kuharisha wakiongezeka. Kile kidogo kinachopenya kinaweza kuwafikia walewale waliokuwa wakinyimwa. Kisha uboho ukiamka na kutoa chembe changa kwa wingi, kimelea cha malaria hufurahia, kwani huzipenda chembe changa kuliko kuukuu, na maabara zimeonesha kuwa hakistawi vizuri ndani ya chembe zenye upungufu wa chuma. Baadhi ya wataalamu waliitaja pia foliki, ambayo kimelea huitumia na ambayo huweza kupunguza nguvu za baadhi ya dawa za malaria za wakati ule.

Ningeomba sana mtu asiishie hapa, kwa sababu kuishia hapa kumewafanya wengine watupe vidonge. Ndani ya utafiti huohuo kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu kwa kina mwanzoni na kufuatiliwa kwa karibu zaidi kuhusu malaria. Katika kundi hilo, watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma pamoja na upungufu wa damu walifaidika na vidonge: walipata matatizo machache kuliko wenzao waliopewa kidonge kitupu. Hatari iliegemea upande wa wale waliopewa chuma wasichokihitaji, mahali ambapo malaria haikuwa ikitibiwa ipasavyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 umejengwa juu ya msingi huo: penye malaria, chuma kwa watoto kiende pamoja na kinga, vipimo na tiba ya malaria. Zanzibar yenyewe imebadilika. Dawa mseto ziliingia kuanzia 2003, vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani vikapanuliwa 2006, na kufikia mwisho wa muongo ule maambukizi yalikuwa chini ya asilimia 1. Mtoto wa Micheweni wa leo si yule wa 2002. Na mama yule wa kliniki hahusiki na tahadhari hii kwa namna ileile. Mimba moja inahitaji karibu gramu 1 nzima ya chuma, na vidonge vyake aendelee navyo huku sababu nyingine zikitafutwa.

Bado kuna urithi. Herufi moja ya vinasaba ikibadilika, kipande cha sita (asidi amino) cha mnyororo wa beta wa hemoglobini hugeuka kutoka glutamiki kuwa valini, na tumepata selimundu. Mwenye nakala moja ya badiliko hilo huishi kama kawaida na hulindwa dhidi ya malaria kali, kama alivyoonesha Anthony Allison mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki. Mwenye nakala mbili huugua. Chembe zake huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, zikiziba mishipa na kuleta maumivu ya mifupa na viungo. Mtoto huyu damu yake iko chini daima, lakini chuma cha chembe zinazovunjika kinabaki mwilini, na kila anapoongezewa damu anapokea kingine juu yake. Kumbuka kuwa mwili hauna pa kukitolea. Kumshindilia vidonge vya chuma bila kipimo, eti kwa kuwa macho yake meupe, ni kumwongezea mzigo kwenye ini na moyo. Ipo pia thalasemia ya alfa, hitilafu nyingine ya kurithi ya hemoglobini, iliyoenea pwani yote ya Afrika Mashariki. Chembe zake ni ndogo na zimepauka kama za mkosefu wa chuma, na anayeangalia hadubini kwa haraka hudanganyika.

Basi tunamjuaje aliyekosa chuma kweli? Kipimo kinachotumika zaidi ni feritini, protini inayoonesha akiba. Kwa mtoto chini ya miaka mitano, feritini chini ya mikrogramu 12 kwa lita ni dalili kuwa akiba imekwisha. Kwa wakubwa ni 15. Tatizo ni kwamba feritini nayo hupanda mtu anapougua, kwa sababu ileile ya kufungia chuma ndani. Mtoto mwenye malaria na minyoo anaweza kuonesha 25, karatasi ikasema yu salama, kumbe ghala ni tupu. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba penye maambukizi kiwango kipandishwe: 30 kwa watoto wadogo, 70 kwa wakubwa, na feritini isomwe pamoja na kipimo cha protini ya ini inayopanda wakati wa maambukizi. Vituo vingi vya afya havina vipimo hivi viwili. Vina kipimo cha hemoglobini, kipimo cha haraka cha malaria na, pakiwa na fundi maabara na hadubini, choo na mkojo. Kwa hivyo vinne, pamoja na kumuuliza mama kama kuna mtoto nyumbani anayelialia mifupa, mkunga anaweza kujua kwa kiasi kikubwa damu imekwenda wapi kabla ya kuandika kidonge.